Fundi Nitamlipa Mpemba

Anayetaka kujua Tunduma ina mafundi wa pikipiki wangapi asihangaike kwenda halmashauri kuulizia takwimu. Pikipiki yake izime tu pembeni ya foleni ya malori, saa nne asubuhi, apige kiki kidogo bila mafanikio. Watajihesabu wenyewe. Atakuja mbadilisha fedha na bunda la kwacha mkononi. Atakuja kijana wa kubeba mizigo. Atakuja dereva wa lori aliyekwama mpakani hana la kufanya, na atakuja mzee mmoja ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli. Wote watainama, wote wataitazama injini, na kila mmoja atatoa hukumu kabla hajauliza swali hata moja.

"Plagi hiyo," atasema wa kwanza.

Hilo ndilo neno la kufungulia kikao. Plagi katika mji huu imeshitakiwa kwa makosa mengi ambayo wala haikuwepo eneo la tukio. Pikipiki ikiishiwa petroli, plagi. Klachi ikiungua, plagi. Cheni ikikatika njiani, lazima atokee mtu akuulize plagi ulibadilisha lini.

Plagi ikishahukumiwa, kila mtu anarudi kwenye kazi yake. Dereva wa lori, ambaye maisha yake yote ameendesha dizeli, anasema hewa imeingia kwenye mafuta, kwa hiyo nipige pampu. Namwambia pikipiki hii haina pampu, mafuta yanashuka yenyewe kutoka kwenye tenki. Ananijibu kwamba basi tatizo ndilo hilo. Mbadilisha fedha haoni sababu ya kuhangaika: niiuze leoleo, ng'ambo Nakonde kuna mtu wake, na hesabu kwa kwacha ameshaipiga kabla sijafungua mdomo. Kijana wa mizigo anataka tuisukume, na bei ya kusukuma ameshaitaja. Mzee asiye na baiskeli anasubiri wote wamalize, kisha ananivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini kama nina ugomvi na mtu yeyote wa Sumbawanga.

Watu wa Sumbawanga wamesingiziwa mengi ya uchawi nchi hii. Naomba angalau kabureta wasitwishwe.

Sina kinyongo na ushauri. Kinyongo changu ni utaratibu. Mimi ni wakala wa forodha, kazi yangu ni karatasi. Lori linatoka bandarini Dar es Salaam, linakata zaidi ya kilomita 900 mpaka hapa, na haliingii Zambia mpaka kila karatasi ipite mahali pake kwa zamu yake. Huwezi kuanza na muhuri wa mwisho halafu urudi kutafuta wa kwanza. Zamani lori lilikaguliwa upande wetu, likavuka, likakaguliwa tena upande wa Nakonde. Oktoba 2019 Rais Magufuli na Rais Lungu wakazindua kituo cha huduma za pamoja hapa mpakani, ili mataifa mawili yamalizane mahali pamoja. Pikipiki yangu haijafikiwa na mpango huo. Inakaguliwa upya na kila mpita njia, kila mmoja anaanzia mwisho, na wengi wao wanatoza.

Na wala si kwamba jambo lenyewe ni gumu. Injini ndogo ya petroli haina makuu. Inataka vitu vitatu: petroli iliyochanganyika na hewa kwa kipimo chake, mgandamizo ndani ya silinda, na cheche kwa wakati wake. Ukivipata vyote vitatu, inawaka. Ukikosa kimoja, unaweza kupiga kiki mpaka goti likuulize kosa lake ni nini.

Utaratibu nao unajulikana. Unaanza na vya bure. Swichi ya kuzimia kwenye mkono wa kulia iko wapi? Koki ya mafuta imefunguliwa? Kama mafuta yamepungua, umeigeuzia kwenye akiba? Asubuhi ya Juni au Julai, baridi ya Tunduma inapokufanya uvae koti juu ya sweta, umevuta choki? Injini baridi inataka petroli zaidi ya kawaida, na isipoipata haibembelezeki. Mambo hayo yote hayahitaji spana wala senti.

Ndipo unakuja kwenye plagi, lakini kwa adabu. Unaifungua, unairudisha kwenye kofia ya waya wake, unagusisha chuma chake kwenye injini, mbali na tundu ulikoitoa na mbali na petroli, halafu mtu anapiga kiki. Cheche ya bluu inayolia "ta! ta!" maana yake moto upo. Ikiwa nyekundu na dhaifu, au hakuna kitu kabisa, jaribu kwanza plagi nyingine nzima. Nayo ikigoma, unapanda nayo ngazi kwa ngazi: kofia, waya, koili, sidiai. Kisha unaitazama uso. Ikitoka imelowa, petroli inafika ila haiwaki. Ikitoka kavu ilhali umepiga kiki mpaka umechoka, petroli haifiki, na hapo hata ukiweka plagi ya dhahabu utabaki pale pale. Ikiwa nyeusi ya masizi, mafuta yanaizidi hewa, basi kalitazame chujio la hewa. Plagi ni shahidi. Mafundi wetu wanamfunga shahidi bila kumsikiliza.

Sasa nije kwenye mashitaka yangu.

Nina pikipiki ya cc 125. Kampuni yake siitaji, maana kosa halikuwa lake, na pia sitaki simu. Ninaihitaji kwa sababu mwaka 2016 tulimegwa kutoka Mbeya tukawa mkoa wa Songwe, jambo jema, na makao makuu yakawekwa Vwawa, jambo ambalo sisi wa Tunduma tumelipokea kwa uvumilivu. Mji mkubwa uko huku, malori yako huku, kelele na vumbi viko huku, lakini ukitaka saini ya mkoa unavaa kofia ngumu unakwenda Vwawa. Mimi nina kiwanja kinachotafuta saini. Kwa hiyo mimi na barabara ya Vwawa tunafahamiana.

Pikipiki hii ikazuka na tabia. Asubuhi nyumbani inawaka kiki ya kwanza, inanguruma vizuri, mpaka majirani wanaamini mimi ni mtu mwenye mipango. Natoka mjini, napita Chapwa, natafuta Mpemba. Karibu na Mpemba, penye njia panda ya kwenda Isongole, inaanza kukohoa. Naipa mafuta, inapungua nguvu. Naipunguzia, inazima kabisa. Nashuka, napiga kiki, hakuna kitu. Nakaa chini ya mti, malori yanapita yakinipulizia vumbi la nchi tatu, nainuka nikiwa nimekata tamaa, napiga kiki, inawaka! Nakwenda tena kidogo, inazima tena.

Na ilikuwa na jambo jingine la kukera. Nikijaza tenki mpaka juu, inazima mapema, hata Mpemba sifiki. Nikiweka lita moja ya kubahatisha, inanifikisha mbali. Nilipomsimulia mke wangu, akasema, "Baba watoto, hiyo inakuiga wewe. Na wewe ukiwa na hela nyingi mfukoni huendi mbali." Jirani yangu yeye alichungulia juu ya ukuta, akaiona imesimama siku nzima, akauliza kama serikali inajua nimehamishia kimondo uwani kwangu. Anakizungumzia kile kimondo cha Mbozi, cha tani 12 kama wanavyotuambia, kilichokaa pale Ndolezi tangu kilipoanguka kutoka mbinguni. Nilimjibu kwamba kimondo angalau kinaingiza watalii.

Nikaenda kwa fundi wa kwanza. Alifanya anachofanya kila fundi: akafungua mfuniko wa tenki, akachungulia ndani, akatikisa pikipiki kushoto kulia, akasema, "Mafuta yapo." Akauacha mfuniko juu ya kiti. Akafungua plagi, akaiinua juu kama kasisi na hostia, akaniambia, "Unaona? Imekauka hii. Imekufa." Akaweka mpya, akapiga kiki mara kadhaa, ikawaka. Nikalipa. Siku iliyofuata nikazima Mpemba.

Fundi wa pili alicheka alipoona plagi mpya. Mafundi wote hucheka wakiona kazi ya mwenzao, sijui wanafundishwa wapi. Akafungua mfuniko wa tenki, akachungulia, akasema mafuta yapo. Kisha akasema plagi haikuwa na kosa lolote, tatizo ni koili: ikipata joto inachoka, ikipoa inarudi. Maelezo yakaniingia. Ni kweli kabisa kwamba koili mbovu inaweza kufanya hivyo, na ndiyo maana uongo mzuri hujengwa kwa vipande vya ukweli. Akaweka koili. Akapiga kiki, ikawaka. Nikalipa zaidi ya nilivyolipa kwa plagi. Nikazima Mpemba, mahali pale pale, chini ya mti ule ule, na kuku wa pale wakawa hawanikimbii tena.

Wa tatu alikuwa msomi. Huyu alisema hawezi kubahatisha, atapima. Akafungua mfuniko wa tenki, akachungulia, mafuta yapo. Akachomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, akaelekeza kwenye kopo, akafungua koki. Petroli ikamwagika kwa nguvu zote. "Mafuta yanashuka vizuri sana," akasema, "kwa hiyo ugonjwa uko ndani ya kabureta." Akaifungua, akalitoa boya, akapuliza jeti kwa mdomo mpaka mashavu yakamvimba, akaosha kila kitu kwa petroli yangu, petroli iliyobaki akaimimina kwenye chupa yake. Akafunga, akapiga kiki, ikawaka kwa mlio mtamu ambao sijausikia tangu niinunue. Nikalipa kwa furaha. Msomaji anajua nilipozimia.

Yaliyonikera wakati ule yalikuwa madogo madogo: hela, vumbi, na ile namna mafundi wanavyokuita "bosi" mpaka unapouliza chenji. Sikuwa nimeliona kubwa. Wote watatu walifungua mfuniko wa tenki kabla ya kugusa chochote. Wote watatu waliuacha wazi muda wote wa matengenezo. Wote watatu pikipiki iliwawakia. Mgonjwa alikuwa anavuliwa ugonjwa mlangoni, kisha anaingizwa kwa daktari akapimwe.

Katika siku hizo niliwaza sana juu ya bomba la TAZAMA. Mtu aliyekaa chini ya mti Mpemba huwaza mambo ya namna hiyo. Novemba 1965 Ian Smith alipojitangazia uhuru wake kule Rhodesia, Zambia ikabanwa njia ya kusini, mafuta yakawa yanabebwa kwa malori kupitia barabara yetu hii, enzi hizo ikiwa vumbi na matope. Bomba likajengwa, na mwaka 1968 likaanza kazi: kilomita 1,710, kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola, likipanda milima na kuvuka mpaka kwetu huku. Mafuta yakafika Ndola. Mpira wa mafuta wa pikipiki yangu hauzidi shibiri mbili. Haupandi mlima. Hauvuki mpaka wowote. Unateremka tu kutoka tenki kwenda kabureta, na mafuta hayafiki.

Aliyetatua jambo hili hana spana. Ni mama anayeuza petroli kwa chupa pembeni ya barabara, biashara ambayo hairuhusiwi, yeye anajua, na wateja wake wote wanajua. Nilizimikiwa jirani na meza yake, nikavuta pikipiki mpaka pale, nikamwomba anipe lita moja ili tu nisionekane nimekuja kupumzika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Imezima tena?"

Neno "tena" liliniuma, lakini nikanyamaza. Nikafungua mfuniko ili amimine. Yeye alikuwa ameinama na chupa yake na mpare wake, akasimama hivyo hivyo, hakumimina.

"Hebu funga. Funga, uwashe, uache ingurume mpaka izime."

Nikafunga, nikapiga kiki. Ikawaka, maana mfuniko ulikuwa umeshafunguliwa. Nikaivutavuta mafuta tukiwa tumesimama, yeye akihudumia bodaboda wawili kwa bei tofauti. Baada ya muda ikaanza kukohoa, ikazima.

"Sasa fungua polepole. Weka sikio."

Nikaweka sikio. Nilipoulegeza mfuniko, tenki likafanya "fyuuuu", sauti ndefu ya hewa inayoingia ndani kwa haraka.

"Umesikia?" akasema. "Tenki lako lilikuwa limebanwa pumzi. Mfuniko wako una kitundu?"

Nikamwambia sijui, mfuniko ni mfuniko. Akanyanyua dumu lake la lita ishirini. Alisema hata mtoto anayetumwa mafuta ya taa anajua: ukiinamisha dumu lililojaa, linatoa kidogo, linaguna, linakata, mpaka liingize hewa. Ukitaka mafuta yatoke, lazima kitu kingine kiingie mahali pake. Ndiyo maana mfuniko wa tenki la pikipiki ya kabureta una kitundu kidogo, sawa na tundu la sindano, cha kuingizia hewa. Kikiziba, petroli inashuka mwanzoni, nyuma yake panabaki mvuto, mvuto unaishikilia petroli, kabureta inakauka na injini inazima. Ukikaa chini ya mti nusu saa, hewa inajipenyeza kidogo kidogo, pikipiki inawaka, unadhani umesamehewa.

Akanionyesha na mwisho wa somo. Akafunga mfuniko mwenyewe, akachomoa mpira wa mafuta, akauingiza kwenye chupa tupu, akafungua koki. Petroli ikashuka kwa mkondo mnene. Mkondo ukawa uzi. Uzi ukawa matone. Tone la mwisho likaning'inia mdomoni mwa mpira, likagoma kudondoka. Akalegeza mfuniko, "fyuu", na petroli ikaja kwa kishindo mpaka povu likapanda chupani.

Hapo yote yakajipanga. Tenki likijaa mpaka juu, hewa iliyobaki ndani ni kidogo mno, kwa hiyo mvuto unakuja haraka na pikipiki inazima mapema. Tenki likiwa na lita moja, juu kuna hewa tele, unakwenda mbali kabla halijakubana. Plagi ilikuwa kavu kwa sababu petroli haikuwa inafika, si kwa sababu ilikufa. Koili ilikuwa nzima. Kabureta ilikuwa safi. Yule msomi alipima mafuta mfuniko ukiwa juu ya kiti.

Tukaugeuza mfuniko. Chini yake, pale panapotakiwa kuwa na kitundu, palikuwa na donge la silikoni nyeusi, limesawazishwa vizuri kwa kidole, kazi ya mtu anayejali kazi yake. Nikaikumbuka mara moja. Masika yaliyopita maji ya mvua yalikuwa yanapenya kwenye tenki, na fundi mmoja wa mtaani kwetu alinihakikishia kwamba atayazuia. Mama akalichokoa donge kwa pini ya nywele, akapuliza, akaniuzia lita yangu, na kwa kazi yote ile hakunitoza kitu. Nilipotaka kumwongezea elfu mbili akazipokea, akasema atazihesabu kama deni la bodaboda mmoja ambaye alikuwa ameshapotea.

Nikaenda Vwawa bila kuzima. Ofisi ilikuwa imefungwa kwa mkutano, lakini hilo ni suala la safu nyingine.

Niliporudi nilipitia kwa fundi wa silikoni. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, mazito, yenye heshima lakini yanayokata. Akanisikiliza mpaka mwisho huku akifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono.

"Bosi," akasema, "uliniambia nizuie maji?"

"Ndiyo."

"Maji yaliingia tena?"

Hayakuingia. Ni kweli. Hata tone. Akaniambia sasa kitundu kikiwa wazi maji yanaweza kurudi, na kwamba kwa bei ya kirafiki anaweza kuniwekea raba mpya ya mfuniko, ambayo inaziba kingo na kuacha kitundu kipumue. Nikamuuliza mbona raba hiyo hakuiweka tangu mwanzo. Akasema mwanzoni nilitaka cha bei rahisi.

Wale watatu wengine nao niliwapitia, si kwa kudai hela, kwa kuelimishana tu. Wa plagi akasema mama wa petroli alibahatisha, na kwamba bila plagi mpya nisingewaka hata baada ya kutoboa kitundu. Wa koili akasema kitundu na koili vilikuwa vimeharibika kwa pamoja, yeye alitibu kimoja. Msomi wa kabureta akafikiri kwa muda, akasema silikoni ile lazima niliiweka baada ya kutoka kwake.

Ndipo nilipoelewa ugonjwa wenyewe, na si wa pikipiki. Sisi tunalipa mlio. Fundi anapiga kiki, injini inaunguruma, anaivuta mafuta mara tatu kwa mbwembwe, mtaa mzima unageuka kutazama, na mkono wako unaingia mfukoni wenyewe. Lakini pikipiki haikuletwa kwake kwa sababu haingurumi pale kijiweni. Iliwaka asubuhi nyumbani. Ililetwa kwa sababu inazima Mpemba. Kuwaka si kupona, na mtu anayelipwa kwa kuwaka hana sababu yoyote duniani ya kujiuliza ilizima kwa nini.

Kwa hiyo nimetunga sheria, na nimeitangaza kijiweni mbele ya mashahidi. Kuanzia sasa fundi akisema amemaliza, tunafunga mfuniko wa tenki, tunafunga kila kilichofunguliwa, anavaa kofia ngumu, anapanda nyuma yangu, tunakwenda mpaka Mpemba. Tukifika bila kukohoa, namlipa pale pale, tena na chai juu. Tukizima njiani, tunasukuma wote wawili, na nauli ya kurudi kijiweni kwake ni juu yake.

Sheria ilipokewa vibaya. Mmoja alisema ana mgonjwa nyumbani. Mwingine alisema yeye hapandi pikipiki, ni hatari, ameshazifungua nyingi anazijua. Wa koili ndiye pekee aliyekaa tuzungumze, na alianza kwa swali ambalo kwa mtu wa kijiweni lilikuwa na makali yasiyo ya lazima.

"Bosi, wewe lori ukilitoa hapa, mwenye mzigo anakulipa likifika wapi? Lubumbashi?"

Nikamwambia forodha ni mambo mengine. Mimi nikishapata mihuri na geti likafunguka, kazi yangu imekwisha, lori likikwama Nakonde hilo ni la wakala wa Nakonde.

"Basi na mimi," akasema, "ikishawaka geti limefunguka."

Nilimweleza kwa urefu kwa nini mfano huo haufanani, na waliokuwepo wakaondoka mmoja mmoja wakati naeleza. Mazungumzo bado yanaendelea. Yeye amekubali kulipiwa Chapwa. Mimi sijatoka Mpemba.